Gari la Muda, Kutu ya Miaka

Gari lililoletwa kwenye karakana yetu ya vijana hapa Kakuma mwaka jana lilikuwa zuri kwa macho. Land Rover Series III, pikapu ndefu, nyeupe, bodi nzima bila tundu. Mwenye gari ni mfanyabiashara wa Kakuma mjini. Alilinunua mnadani, akitaka kubeba abiria na mizigo kati ya mjini na Kalobeyei. "Ni kazi ndogo," alituambia. "Hapa penye miguu ya dereva kuna kakutu kadogo. Wekeni fila, pigeni rangi, ipite ukaguzi. Mimi nataka ianze kazi."

Fundi wetu wa bodi ni mzee kutoka Uvira, sote tunamwita Papa. Hakujibu. Alitandika boksi chini, akalala chali, akaingia chini ya gari na nyundo ndogo. Akaanza kugonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanzoni sauti ilikuwa kali, kama kengele. Alipopita gurudumu la mbele ikabadilika, ikawa nzito na fupi, kama mtu anagonga gunia la mchanga. Akaomba bisibisi. Akaisukuma bila nguvu yoyote, ikazama mpaka kwenye mpini. Vumbi jekundu likamwagika kifuani kwake.

"Papa, iko aje?" kijana mmoja aliuliza.

"Iyi imeisha kufa," Papa akasema. "Ngozi yake tu ndiyo haijapata habari."

Tulicheka. Lakini yule kijana hakuacha. Aliuliza inawezekanaje gari liwe zima nje na mifupa imeoza ndani. Yeye amezoea kuona Probox ambazo milango imeliwa na kutu lakini chini bado zinasimama. Papa alimjibu kwa ufupi kwamba Land Rover ni ya namna yake, ngozi na mfupa si chuma kimoja. Mimi nilibaki na swali la pili: nani aliamua iwe hivyo, na kwa nini? Nilianza kusoma jioni kwenye simu, kidogo kidogo, kadiri bando ilivyoruhusu. Jibu lilinipeleka mpaka 1947, na kutoka hapo likanirudisha hapa kambini.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha 1945. Uingereza ilishinda lakini ilikuwa na madeni makubwa na viwanda vilivyochoka. Chuma cha pua kilikuwa kinagawiwa kwa mgao, kama sisi tunavyogawiwa unga. Serikali ilikipa kwanza kiwanda ambacho kingeuza bidhaa nje ya nchi na kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover kabla ya vita ilitengeneza magari ya watu wenye nafasi, na sasa haikuwa na chuma cha kutosha kufanya kazi hiyo. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Jeep ilikuwa inachoka na spea zilikuwa ngumu kupatikana. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaona kwamba wanaweza kutengeneza gari lao la shamba na kuliuza nje.

Chuma kilikuwa haba, lakini aluminiamu ilikuwa tele. Wakati wa vita viwanda vya Uingereza vilitengeneza ndege kwa maelfu, na vita vilipoisha madini ya ndege yakabaki bila kazi. Basi bodi ya gari jipya ikatengenezwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na magneziamu. Mabati yake yalikuwa bapa na yenye kona rahisi, kwa sababu mashine kubwa za kukandamiza bodi zina gharama na kampuni haikutaka kutumia pesa nyingi kwa gari ambalo halikujulikana kama litauzika. Hata rangi ilitoka kwenye mabaki: magari ya kwanza yalikuwa ya kijani, rangi iliyobaki katika akiba za jeshi.

Aluminiamu haiwezi kubeba kila kitu. Chesisi, yaani mifupa inayoshika injini, springi na bodi, ilibidi iwe chuma. Nayo ilitengenezwa kwa njia ya rahisi: vipande bapa vinne vya chuma viliunganishwa kwa welding vikawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Ukuta wa mbele unaotenganisha injini na abiria, pamoja na mahali pa kuweka miguu, navyo vikawa chuma. Fremu za milango pia.

Gari lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ililihesabu kuwa gari la muda. Lingesaidia kwa miaka miwili au mitatu hivi, mpaka chuma kipatikane na Rover irudi kwenye magari yake ya kawaida. Haikuwa hivyo. Ndani ya muda mfupi gari la muda likauzwa kuliko magari ya kawaida. Likabadilishwa sura mara kadhaa: Series I, Series II mwaka 1958, Series III mwaka 1971, baadaye Defender. La milioni moja lilitengenezwa 1976. La mwisho la ukoo ule lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Yaani kitu cha miaka miwili kiliishi karibu miaka 68.

Hapa kuna jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Baadhi ya magari ya majaribio ya 1948 chesisi zake zilizamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa, ili chuma kisishike kutu ndani wala nje. Magari ya kuuza hayakupewa hiyo zinki. Yalipakwa rangi tu. Rangi inafika mahali brashi au mnyunyizo unafika, na ndani ya sanduku refu la chuma ni shida kufika. Ukiwa unatengeneza gari la miaka miwili, hilo si tatizo. Kutu ya ndani inahitaji miaka kumi, ishirini. Aliyetengeneza hakutegemea kwamba miaka hiyo itafika.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nilikuwa nimekaa nje ya nyumba yetu, na juu ya kichwa changu kulikuwa na turubai lililochanika ambalo nalo lilitolewa kuwa la muda.

Land Rover zilikuja Afrika Mashariki mapema, na watu, bidhaa na amri za serikali zikapita ndani yake. Wakulima walizinunua, polisi, mamisionari, walinzi wa wanyama. Waliosoma habari za George na Joy Adamson wa kaskazini mwa Kenya wanakumbuka picha za simba Elsa akiwa juu ya Land Rover. Katika miaka ya 1970 zilikuwa zinaunganishwa Kenya hii hii, kwenye kiwanda cha Thika. Hapa Turkana gari kama hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Wakati wa ukoloni hii ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni hakuingia bila kibali. Ni huku, Lokitaung, walikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953, kwa sababu palikuwa mbali na pagumu kufika na pagumu kutoka. Mahali pa namna hiyo, mwenye gari la kupanda mawe na kuvuka laga ndiye mwenye kujua habari za nje. Wazee wa Turkana wanaokuja karakana wanasema hivyo hivyo kuhusu utoto wao: ukiona vumbi, unajua serikali inakuja au padri anakuja.

Wapinzani wa Land Rover walitoka Japani. Toyota ilitengeneza gari lake la kwanza la namna hiyo 1951, na 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Yale ya 1960 na yale ya 1984 ndiyo yaliyoshika Afrika, na hizo ndizo nyeupe zenye antena ndefu ambazo kila mtoto wa kambi anazijua. Bodi yake ni chuma chote. Kwa hiyo kutu ya Land Cruiser unaiona mlangoni na kwenye madigadi, inakuonya. Land Rover haina adabu hiyo. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Itaendelea kung'aa juu ya chesisi iliyooza, na mnunuzi wa mnadani anaangalia kinachong'aa.

Mwaka 1989 misaada ya Sudan ya Kusini ilianza kupitia Lokichoggio, kilomita tisini na kitu kutoka hapa, na barabara hii ya Kakuma ikajaa malori na magari ya mashirika. Mwaka 1992 maelfu ya wavulana na familia kutoka Sudan, ambao walikuwa wamekimbia Ethiopia mwaka uliotangulia, walivuka mpaka na kuletwa Kakuma. Kambi ikaanza. Nayo ilikuwa ya muda. Kila kitu kilipangwa hivyo: turubai, nguzo, mabomba, vyoo. Baadaye tukaja sisi wa Kongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia. Mwaka 2016 ikafunguliwa Kalobeyei. Kuna watu waliozaliwa hapa ambao sasa wana watoto wao hapa. Sisemi kwamba waliopanga walikosea. Mwaka 1992 watu walikuwa wanakufa njiani, na mtu anayekufa hapewi ramani ya mji, anapewa maji na kivuli. Ninachosema ni kwamba kitu cha muda kikidumu, hesabu yake inalipwa na watu waliokuja baadaye. Kwenye gari hesabu hiyo inaitwa kutu.

Sasa kutu ni nini hasa? Chuma kinatoka ardhini kikiwa udongo mwekundu, yaani chuma kilichoungana na hewa ya oksijeni. Mafundi wanakichoma kwa makaa mpaka hewa ile inatoka na chuma kinabaki. Wazee wa Buhaya, upande wa Kagera, Tanzania, walijua kazi hii kwa karne nyingi, na miaka ya 1970 waliijenga tena tanuri ya zamani mbele ya watafiti, wakaonesha kwamba babu zao walipata chuma cha pua kwa mvukuto na mkaa. Kutu ni safari ya kurudi. Chuma kikipata maji na hewa kinarudi kuwa udongo mwekundu. Nilipowaeleza vijana hivyo, mmoja wao akasema, "Kumbe hata chuma kinataka kurudi kwao." Karakana nzima ilicheka, halafu ikanyamaza kidogo.

Chumvi inaharakisha kazi hiyo kwa sababu maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo ndani ya chuma. Vilevile kutu inavimba. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo ikianza kati ya mabati mawili inayasukuma yaachane na kuruhusu maji mengine yaingie. Hapo ndipo inapojilisha yenyewe.

Wengi watauliza: Kakuma kuna kutu gani? Jua hili linakausha hata mate mdomoni. Ni kweli, chuma kikavu hakishiki kutu. Lakini gari letu halikuzaliwa Kakuma. Logbuku ilikuwa na mwaka wa 1978 na wamiliki wanne, na anuani ya kwanza ilikuwa Malindi. Miaka ya mwanzo gari lilipumua upepo wa bahari. Chumvi ikaingia kwenye sanduku la chesisi pamoja na tope, na tope likakauka humo. Gari lilipohamia kaskazini, chumvi ilikuja nayo. Ilikuwa inalala wakati wa kiangazi, na kila Tarach ilipofurika na gari likavuka maji, ikaamka.

Tulijua haya yote kwa kufungua gari, si kwa karatasi tu. Tulipoanza kukwangua sehemu ya miguu, tulipata historia yake kwa tabaka. Juu kabisa ilikuwa rangi nyeupe mpya ya mnada. Chini yake nyeupe ya zamani. Chini yake fila, nene kama chapati mbili. Chini ya fila kulikuwa na bati jembamba lililopigiliwa riveti, na tulipoligeuza tukaona herufi zilizofifia: lilikuwa debe la mafuta ya kupikia ya msaada, limekunjuliwa. Sote tunalijua bati lile. Nusu ya milango ya kambi hii imetengenezwa nalo. Nyuma ya debe kulikuwa na kitambaa kilicholowa lami. Na nyuma ya kitambaa hakukuwa na kitu, tuliona tairi.

Hakuna aliyemcheka fundi wa debe. Papa alishika lile bati, akasema yule mtu alifanya kazi na alichokuwa nacho, na labda aliambiwa gari litasafiri mara moja tu. Lakini kila aliyefuata alifunika kazi ya mwenzake bila kuiangalia. Fila juu ya bati, rangi juu ya fila. Ukificha kutu chini ya fila, unaipa kivuli na unyevu, na unamnyima mtu anayekuja nafasi ya kuiona.

Sasa niseme kuhusu mimi, maana ningeweza kuliacha na msomaji angedhani tulikuwa mashujaa. Mradi wetu wa karakana ulikuwa wa miezi sita. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na wiki mbili. Kwenye mpango tuliandika kwamba vijana watapata kazi yao ya kwanza ya kulipwa kabla mradi kufungwa, na hii ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Vijana kumi na mmoja walisubiri hizo pesa. Mimi nilikwenda kwa Papa jioni nikamwomba tufanye kama mwenye gari alivyosema. Fila, rangi, picha kabla na picha baada. Nilimwambia hatuwezi kutengeneza dunia nzima.

Papa aliniuliza swali moja. "Mwanangu, nani atakaa kule nyuma?"

Nilijua jibu. Ni mama wa Kalobeyei na mizigo yao, ni wanafunzi. Kwenye Land Rover hii springi zinashikwa na chesisi. Chesisi ikikatika karibu na mshikio wa springi, gurudumu linahama mahali pake gari likiwa linakimbia. Sikuwa na la kusema. Papa aliendelea, "Rangi mtapata pesa yake leo. Na siku ile nayo tutaitwa."

Kesho yake alimwita mwenye gari. Hakumhubiria. Alimpa nyundo, akatandika boksi la pili, wakalala wawili chini ya gari kama watoto. Tulisikia nyundo ya mwenye gari: kengele, kengele, halafu mchanga. Akagonga pale pa mchanga mara tatu. Alipotoka alikuwa na vumbi jekundu kwenye shati lake safi. Akauliza, "Shilingi ngapi, na siku ngapi?" Wakapatana hivi: mifupa kwanza, sehemu ya miguu ya pili, rangi mwisho kama pesa itabaki. Bati na vyuma atanunua mwenyewe Lodwar. Vijana walipwe kwa hatua, si mwisho wa kazi.

Naeleza kazi yenyewe kwa wanaotaka kujifunza. Tulitoa betri. Tulitoa tangi la mafuta, maana kwenye gari hili liko chini ya kiti, na cheche karibu na petroli haina msamaha. Tuliosha chesisi ndani kwa maji yenye nguvu kupitia matundu yake, ikatoka tope ya rangi ya chai kwa karibu saa nzima. Halafu tukaacha jua la Kakuma lifanye kazi yake siku mbili. Tukagonga kila sentimita na kuchora kwa chaki pale sauti inapobadilika. Vijana walitaka kukata kwenye mstari wa chaki. Papa akawarudisha: kata mpaka upate chuma king'aacho, hata kama tundu litakuwa mara mbili ya ulilotegemea. Ukichomelea bati jipya kwenye chuma chembamba kilicholiwa, moto unakitoboa, na hata ukishika leo kitaachia kesho.

Kila kiraka tulikikata kwanza kwa karatasi ya boksi, tukajaribu, tukarekebisha, ndipo tukahamisha kipimo kwenye chuma. Chesisi tuliweka chuma cha milimita 2. Welding tulifanya kwa vipande vifupi, hapa kidogo na pale kidogo, tukisubiri kipoe, kwa sababu ukichoma mstari mrefu mara moja bati linajikunja. Kabla ya kukata chochote kikubwa tulishikilia chesisi kwa magogo na jeki ili isilegee. Mikono miwili ya pembeni inayobeba bodi ilikuwa imekwisha kabisa, tukaitengeneza upya.

Pale aluminiamu ya bodi inapofungwa kwenye chuma tulikuta unga mweupe kama chokaa. Huo si uchafu. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja inaliwa badala ya nyingine, na hapa aluminiamu ndiyo iliyokuwa inaliwa. Tulisafisha, tukapaka rangi ya kwanza pande zote mbili, tukaweka vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli katikati kabla ya kufunga bolti.

Jambo hili la metali moja kuliwa badala ya nyingine lina historia yake. Mwaka 1824 mwanasayansi Humphry Davy aliombwa na jeshi la majini la Uingereza aokoe mabati ya shaba yaliyofunika meli zake chini. Alifunga vipande vya zinki na chuma kwenye shaba, na bahari ikawa inakula hivyo vipande na kuacha shaba. Lakini shaba ilipoacha kuliwa, konokono na majani ya bahari yakaanza kuishikilia, meli zikawa nzito, na mpango ukaachwa. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati ya kulinda chuma kwa kukizamisha kwenye zinki iliyoyeyuka. Kutoka kwake tuna mabati ya nyumba zetu. Bati la paa ni chuma kilichovaa zinki. Likikwaruzwa kidogo, zinki ya pembeni inajitoa iliwe kwanza.

Na kwenye gari letu ushahidi ulikuwepo. Kingo za juu za bodi ya nyuma ya Land Rover zimefunikwa kwa chuma kilichozamishwa kwenye zinki. Baada ya miaka zaidi ya arobaini, Malindi mpaka Turkana, kingo zile zilikuwa kijivu na safi. Kiwanda kilijua dawa. Kiliiweka pale inapoonekana, na chesisi ikaachiwa rangi. (Tahadhari kwa wanafunzi: usichomelee chuma chenye zinki kabla ya kuikwangua. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku.)

Kosa letu nalo liandikwe. Kijana mmoja alikuwa na mkono mzuri wa welding, akaziba kila tundu aliloliona chini ya chesisi, likiwemo tundu la kutolea maji. Kazi ilikuwa laini, ukipitisha kidole huhisi kitu. Papa alimsifu, halafu akampa drili alitoboe tena. Chesisi inapata maji tu, utake usitake. La muhimu ni yapate pa kutokea. Mwisho tukamwaga ndani ya sanduku oili chafu iliyochanganywa na nta, tukalizungusha gari kwenye mteremko ili ifike kila kona.

Ilichukua wiki saba. Mradi ulifungwa katika wiki ya sita, na wiki ya mwisho vijana walifanya bila posho ya mradi, kwa malipo ya mwenye gari peke yake. Pesa ya rangi haikubaki. Land Rover iliingia karakana ikiwa nyeupe na safi, ikatoka na viraka vya rangi ya kwanza ya kahawia, mbaya kuliko ilivyokuja. Kwenye ripoti niliweka picha zote mbili. Mfanyakazi mmoja wa shirika aliyeziona alidhani nimezipanga kinyume, kwamba ya kabla ndiyo ya baada. Nilimwomba aje na nyundo.

Gari lilipita ukaguzi na linafanya kazi mpaka leo. Mvua ziliponyesha mara ya kwanza baada ya hapo, mwenye gari alilirudisha bila kuitwa. Alichukua boksi mwenyewe. Siku hizi vijana wanne kati ya wale kumi na mmoja wanaendelea na Papa chini ya mti karibu na soko, bila mradi wowote. Mwenye gari la aina yoyote anakaribishwa. Kutengeneza kuna bei yake, lakini kugonga na kusikiliza ni bure.